Fundi, Traka Ninayo Ila Pikipiki Haijarudi

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu traka, vile vifaa vya kuonyesha chombo kilipo, za kuficha kwenye vyombo vya moto nikasema mwenye swali atume. Mmetuma kweli, na mengi yanafanana: mtu kafunga kifaa, kaibiwa, kifaa hakijamsaidia, sasa anauliza kulikoni. Nimeyafupisha kidogo na majina nimeyatoa. Hivi vifaa nimevifunga na kuvifungua hapa Nyakato, Mwanza, miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kama ninavyomjibu mteja aliyesimama mbele yangu.

Shikamoo fundi. Nina Boxer nimempa kijana kwa mkataba, hesabu analeta vizuri tu. Juzi imeibiwa uani saa tisa usiku. Asubuhi nafungua simu, ramani inasema pikipiki ipo hapohapo nyumbani, na mimi nimesimama hapohapo nyumbani naangalia alama za tairi kwenye vumbi. Aliyeniuzia alisema setilaiti inaiona popote hata ikiwa Kongo. Nimetapeliwa? – Tajiri wa boda, Igoma

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa kizima kabisa, maelezo uliyopewa ndo sio.

Setilaiti haikuoni. Hizi za GPS zipo juu huko kama kilometa 20,200, kazi yao ni kutangaza tu, mfano wa redio. Kifaa chako kinasikiliza, kikizisikia nne au zaidi kinapiga hesabu chenyewe kinajua kipo wapi. Hapo kimejua chenyewe, wewe bado hujui. Ili ujue lazima kitume, na kinatuma kwa laini ya simu iliyomo ndani, laini ya kawaida kabisa kama hiyo uliyonayo mfukoni, inatumia bando inapeleka kwenye seva, na aplikesheni yako inasoma kutoka kwenye seva. Kwa hiyo inahitaji ione anga, iwe na umeme, na iwe na laini iliyo hai. Kimojawapo kikikatika ramani haikuambii "sijui", inakuonyesha sehemu ya mwisho iliyoijua, ndo maana pikipiki "ipo" nyumbani.

Kwa pikipiki yako naweza kubashiri bila kuiona. Fundi alifungua siti, akakiweka kifaa juu ya betri, akafunga na selotepu nyeusi, waya mwekundu na mweusi akabana kwenye betri, dakika kumi kamaliza. Na mwizi anajua hivyohivyo, kwa sababu pikipiki zote za kijiwe zimefungwa hivyo na mwingine kati ya hao wezi alikuwa fundi au dereva. Anainua siti, anakata waya, basi. Betri ya ndani ya hivi vifaa vidogo mara nyingi ni kama mAh 150, na kifaa kikiwa kinatuma kinakula kama mA 50, piga hesabu, masaa matatu. Kimekatwa saa tisa usiku, kimekufa saa kumi na mbili asubuhi, wewe umeamka saa kumi na mbili na nusu.

Ila wewe hata hayo masaa matatu hukuyapata, ramani imegandia palepale, maana yake kifaa hakikutuma kabisa. Hapo mimi ningeanza kuiangalia laini. Bando liliisha lini? Laini ilisajiliwa kwa jina la nani? Piga *106# uone laini zilizo kwenye namba yako ya NIDA, kama hiyo ya kwenye traka haimo basi ni ya muuzaji au ya mtu mwingine kabisa, ikifungwa wewe hupati habari. Nimefungua vifaa kibao ambavyo laini yake ilikufa miezi minne nyuma na mwenye pikipiki alikuwa anakaa kwa amani, anafungua ramani mara mojamoja anaona kidoti nyumbani, na kweli pikipiki ipo nyumbani, hana sababu ya kushtuka.

Kwa hiyo kabla hujafunga nyingine, fanya hivi. Siku moja kijana akiwa amepakia abiria anaenda Kisesa fungua ramani uone kidoti kinatembea. Halafu siku nyingine, pikipiki ikiwa uani, mwambie fundi achomoe waya wa umeme na wewe ukae na simu. Meseji ya "umeme umekatwa" inatakiwa ije ndani ya dakika moja mbili. Isipokuja, namba yako haijawekwa kwenye kifaa kama namba ya mwenye mali, na hilo ni kosa nalokutana nalo kuliko yote, kifaa kinapiga kelele lakini hakijaambiwa kimpigie nani. Na simu yako usiizime sauti usiku. Mtu anayetoka na pikipiki Mwanza usiku wa manane zamani akienda upande wa Sengerema alikuta pantoni Kigongo, lazima asubiri, lazima aonekane. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilometa 3 anazipita kwa dakika chache, kwa hiyo ile saa ya kwanza ndo yenye thamani, ikishapita unaanza kutafuta Geita.

Tuambie wazi basi, tuifiche wapi? – Buswelu

Sehemu yenyewe siandiki, wezi nao wanasoma. Nakwambia ya kuzingatia, sehemu utaitafuta wewe na fundi mmoja unayemwamini, mmoja tu, na dereva asiwepo.

Chuma kinaziba ishara, plastiki, kioo na faiba havizibi. Kwa hiyo ndani ya dashibodi ni sawa, chini ya kava la plastiki la pikipiki sawa, ndani ya boksi la chuma hapana. Uso wa kifaa wenye antena utazame juu. Mbali na eksozi, mbali na sehemu ambayo muosha gari anapiga maji ya presha. Waya usiache mwekundu unang'aa katikati ya waya za zamani zenye vumbi, uvike ganda na tepu zilezile za gari, hata vumbi upake, nasema kweli, mimi huwa napaka. Umeme usichukue kwenye betri moja kwa moja, mwizi hufuata waya kutoka betri, chukua mbele huko kwenye waya ambao hauzimiki hata ukitoa ufunguo, na uweke fyuzi ndogo.

Na kama chombo ndo kinakulisha, weka viwili. Kimoja cha kawaida kinachokula umeme wa gari, sehemu ngumu kiasi. Cha pili kinachojitegemea, kina betri yake kubwa, kinalala siku nzima kinaamka mara moja au mbili kutuma halafu kinalala tena. Hiki hakina waya wa kufuatwa, mwizi akishakipata cha kwanza huwa anapumua anaondoka. Betri yake inakaa miezi mingi, ila andika kwenye kalenda siku ya kuichaji.

Nina IST, nilisafiri Dar wiki tatu, narudi haiwaki, fundi kasema traka inanyonya betri. Kweli? – Nyegezi

Kweli kabisa, na sio ubovu. Kifaa kikila mA 50 muda wote ni Ah 1.2 kwa siku, siku 20 ni Ah 24, na betri ya IST ni kama Ah 40 ikiwa mpya. Ya kwako mpya? Pikipiki ndo mbaya zaidi, betri nyingi zipo kati ya Ah 4 na 9. Dawa ni kuseti kifaa kilale gari likisimama, kiamke likitikisika au mara chache kwa siku, karibu vifaa vyote vina hiyo setingi ila mafundi hawaigusi. Na usikubali kufungiwa kwenye waya wa swichi eti kisinyonye, maana gari likizimwa na traka imezimika, na gari huibiwa likiwa limezimwa.

Fundi habari za kazi. Nina Hiace inafanya Kisesa, nataka kifaa cha kuzima gari kwa simu, nikisikia limeibiwa tu nazima hapohapo, mwizi aliache barabarani. Mafundi wawili wamenipa bei tofauti. – Mama wa Hiace

Salama mayu, nashukuru umeuliza kabla.

Kuzima kunafanyika hivi: ndani ya kile kifaa kuna waya unaopeleka amri kwenye rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, rilei inakata umeme wa pampu ya mafuta, kwa dizeli inakata ile solenoidi ya pampu. Unabonyeza kwenye simu au unatuma meseji, gari linakosa mafuta linazima. Rahisi. Sasa fikiria linazima likiwa wapi. Injini ikizima usukani unakuwa mzito ghafla, na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja mbili halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Gari lipo kwenye mteremko, spidi 80, nyuma kuna lori la mahindi. Na huna uhakika nani yumo. Labda mwizi kambeba konda kwa nguvu. Labda hakuna mwizi, dereva simu imeisha chaji, kachukua abiria wa msiba kaenda nao Magu bila kukuaga, na wewe huku umeshikwa na hasira umebonyeza. Hiace nzima ina watu.

Mimi nafunga kwa namna moja tu, na fundi akikataa mtafute mwingine. Rilei ikate upande wa kuwasha, yaani umeme wa stata, sio upande wa mafuta. Yaani gari likiwa linatembea linaendelea kutembea, ila likishazimwa haliwaki tena mpaka uruhusu. Mwizi lazima asimame mahali, kunywa maji, kuongea na mteja, kubadili namba. Akizima, kalala hapo. Kama kifaa chako ni cha kukata mafuta tu basi kiwe kile kinachosubiri spidi ishuke chini ya 20 ndo kikate, na ukijaribu kwa macho yako uwanjani, sio kwa maneno ya fundi.

Jambo la pili, na hili naomba ulichukulie kwa uzito kuliko bei. Paswedi. Vifaa vingi vinatoka kiwandani na paswedi 123456, fundi anafunga anaondoka, hakuna aliyebadilisha. Anayejua namba ya ile laini na anajua hiyo 123456 anaweza kukuzimia Hiace akiwa kitandani kwake. Sio hadithi. Julai 2022 shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, lilitoa tahadhari juu ya traka ya MiCODUS MV720 baada ya kampuni ya BitSight kukuta matundu sita ya usalama, pamoja na hiyo paswedi ya 123456, ambayo yangemwezesha mtu wa mbali kufuatilia magari na hata kuyakatia mafuta. Vifaa vya kampuni hiyo vilikadiriwa kufika milioni 1.5 kwenye nchi 169. Kwa hiyo siku ya kufunga, kabla hujalipa, badilisha paswedi ya aplikesheni na ya meseji, zote mbili, mwenyewe, kwa mkono wako, fundi akiwa amegeukia kule.

AirTag ya iPhone haiwezi kufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu? Na nasikia wezi wana mashine ya kuziba mtandao. – Pasiansi

AirTag haina GPS wala laini. Inatoa ishara ya Bluetooth, na iPhone ya mtu yeyote ikipita karibu ndo inaipelekea Apple kwamba kitu kipo hapa. Katikati ya mji, Rock City Mall, utaiona. Pikipiki ikifichwa kijijini Misungwi ambako iPhone inapita mara moja kwa wiki, utasubiri. Halafu imetengenezwa isitumike kuwafuatilia watu, kwa hiyo mwizi mwenye iPhone simu yake itamwambia kuna AirTag ya mtu anatembea nayo. Kwa funguo na begi ni nzuri sana. Kwa chombo, iwe ya nyongeza tu.

Mashine za kuziba zipo, kwa sababu ishara ya GPS ikifika chini ni dhaifu mno, kelele kidogo tu ya redio inaifunika. Laini ya simu nayo ikizibwa kifaa kinanyamaza, kwa hiyo seti aplikesheni ikupigie kelele kifaa kikinyamaza dakika kadhaa, ule ukimya uwe ndo taarifa. Wenzetu Marekani walishatumia njia nyingine siku nyingi, LoJack, ilianzia jimbo la Massachusetts mwaka 1986, ile ya mwanzo haikutegemea setilaiti wala laini ya simu, ilikuwa redio ndogo tu kwenye gari iliyoamshwa wizi ukiripotiwa na magari ya polisi yalikuwa na vipokezi vya kuifuata kama mbwa anavyofuata harufu, hata ndani ya gereji ilisikika. Ila ilitaka polisi wawe na hivyo vipokezi, bila hivyo ni redio inayojiongelea.

Kwetu Kayenze tatizo sio gari, ni injini za mitumbwi. Mwaka huu nimepoteza ya pili, HP 15, walivamiwa vijana wangu usiku ziwani wakiwa kwenye dagaa, wakanyang'anywa injini wakaachwa wanaelea mpaka asubuhi. Traka inawezekana kwenye injini? – Tajiri wa mitumbwi

Pole tajiri, na mshukuru Mungu vijana walirudi. Hili swali nimelikalia muda mrefu kwa sababu injini moja inabeba familia nne tano, na ikiondoka tajiri anabaki na deni na vijana wanabaki na nyavu zimekauka juani.

Inawezekana, lakini sahau traka ya pikipiki. HP 15 ya kuvuta kamba haina betri, hakuna umeme wa kukaa, injini ikizimwa hakuna kitu. Unahitaji kile kinachojitegemea chenye betri yake, kiwe kimezibwa maji kweli, sio kwa maneno ya kwenye boksi. Kiweke kwenye ndoo ya maji usiku mzima, asubuhi ukitoe uone kama kinatuma, ndo ufunge. Kava la juu la injini ni la plastiki, GPS inapita vizuri tu. Ila ndani mle kuna joto na kuna lile gurudumu la sumaku linalozunguka kwa kasi, kitu chochote kikilegea kikaligusa umeua injini. Kwa hiyo kifungwe upande wa chini wenye ubaridi, kwa boliti au gundi ya kudumu, sio sumaku wala selotepu.

Kiseti kitume mara mbili au tatu kwa siku, na ukipata taarifa ya wizi ndo ukiamuru kitume mfululizo, kitapokea hiyo amri kikiamka. Sasa elewa ziwa. Ziwa letu ni kilometa za mraba kama 68,800, minara ipo nchi kavu na visiwani, ukienda katikati laini inapotea. Chagua kifaa kinachohifadhi alama kikikosa mtandao na kuzituma zote kikirudi, hapo utaona hata njia waliyopita. Wakikata kwenda maji ya Uganda au Kenya laini ya kwetu inanyamaza kama haijaruhusiwa kutumika nje ya nchi, ulizia hilo kwa mtandao wako kabla. Na wakiiingiza injini kwenye nyumba ya bati GPS inakufa, unabaki na makadirio ya mnara tu.

Lakini chochote walichonacho wale watu mikononi, vijana wako wasijue kifaa kipo wapi. Sio kwamba huwaamini. Ni kwamba mtu akielekezewa silaha ataulizwa, na asiyejua hana cha kusema. Na wewe ukiona kidoti usipige simu kwa nahodha kuuliza, huenda simu yake ipo kwa wale watu.

Na leo hii, kabla hata ya traka: kwenye kile kibano kinachoshika ukuta wa mtumbwi kuna kibati chenye namba ya injini. Ipige picha. Nakala moja wape BMU, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia mwalo wenu, moja kaa nayo na risiti. Halafu gonga alama yako mwenyewe ndani ya injini sehemu ambayo mtu hafungui bila sababu. Kibati kinang'olewa, alama ya ndani inabaki, na siku injini imekutwa mwalo mwingine imepakwa rangi mpya utasema "fungueni hapa" na kila mtu ataona.

Fundi nijibu haraka. Traka inaonyesha pikipiki ipo Mabatini juu kule kwenye mawe, nyumba tunaiona, tumekaa chini vijana wa kijiwe kama ishirini. Mwenye nyumba anakataa. Polisi wanachelewa. Tuingie? – Mkuyuni

Huyu nilimpigia siku ileile sikusubiri toleo. Nimeliweka hapa kwa ajili ya wengine.

Msiingie. Nitakueleza kwa nini, na nitaeleza kitu nilichokiona mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilifunga kifaa kwenye pikipiki ya jirani. Ikaibiwa. Tukafuata kidoti mimi na yeye, nikiwa mimi ndo nimeshika simu, na nyuma yetu vijana wanaongezeka kila kona. Kidoti kikasimama kwenye kibanda cha mzee mmoja anayetengeneza majiko ya mkaa. Mzee katoka na nyundo mkononi maana alikuwa anagonga bati, na ile nyundo vijana wakaitafsiri wanavyotaka. Ngumi ya kwanza niliiona. Nikaangalia simu tena, na pale chini kwa maandishi madogo nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona kabla hatujatoka nyumbani: alama ya mwisho ya GPS ilikuwa saa moja na nusu nyuma, pale kwenye lami. Kidoti kile kilikuwa cha mnara. Kifaa kilikuwa hakioni anga, kimekadiria tu kwa kusoma minara ya simu, na makadirio ya mnara mjini yanakosea mita mia kadhaa, vijijini hata kilometa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama mmoja jirani akamkumbatia yule mzee wasimpige tena. Pikipiki ilipatikana baada ya siku mbili, mtaa mwingine kabisa, ng'ambo ya barabara. Yule mzee alishonwa juu ya jicho. Mpaka leo nikipita pale nasimama nanunua jiko hata kama sina shida nalo.

Kwa hiyo soma. Aplikesheni inaandika aina ya alama, GPS au LBS. LBS ni mnara, isimpeleke mtu yeyote kwenye mlango wa mtu. Hata ikiwa GPS, angalia ni ya saa ngapi na imeshika setilaiti ngapi. Na hata ikiwa nzuri kabisa inakosea mita 5 mpaka 10, na Mabatini, Bugarika, Igogo, zile nyumba za juu ya mawe, mita 10 ni nyumba tatu na choo cha nne. Na mabati yanaziba, kwa hiyo alama ya mwisho huwa ni ya nje, kabla pikipiki haijaingizwa ndani. Mlango gani? Simu haijui.

Hiki ndo cha kufanya: mtu mmoja au wawili wakae mbali waone kama kitu kinatoka, wengine waondoke kabisa, watu ishirini chini ya nyumba ni tangazo. Piga 112. Mwingine aende kituoni akachukue RB, aende na kadi ya pikipiki, namba ya chasisi, na picha za ramani zenye saa. Aplikesheni nyingi zina uwezo wa kumtumia mtu mwingine kiungo aangalie moja kwa moja, mpe askari anayekuja asikuulize njiani. Mtafute mwenyekiti wa mtaa au mjumbe awepo polisi wakiingia. Mkichelewa kwa saa moja, kifaa cha pili kama kipo kitawaonyesha ilikoenda. Mkimuua mtu, hakuna kifaa cha kurudisha hiyo.

Hiyo ya Mabatini ilikutwa nyumba ya pili kutoka ile waliyokuwa wanaiangalia.

Nataka nimfungie mume wangu kwenye gari bila yeye kujua. Ni kwa usalama wake. – Bwiru

Dada yangu, gari likiwa la familia mwambie, funga, wote muwe na aplikesheni. Kwa siri sifungi, na nimeshawarudisha wanaume wengi zaidi walioleta ombi hilohilo kwa wake zao. Mahali mtu alipo ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Hata dereva wa boda muandikie kwenye mkataba kwamba chombo kina traka. Ajue ipo. Ilipo ndo asijue.

Nimenunua Noah mkononi kwa mtu wa Usagara, fundi akifungua dashibodi kakuta traka, laini imo ndani inafanya kazi. Niiache inilinde? – Msomaji

Usiiache hivyo hata leo usiku. Aliyekuuzia, au aliyemuuzia yeye, anakuona unapolala, na kama kuna rilei anaweza kukuzimia. Kwanza mwambie fundi afuate kila waya unaotoka hapo mpaka mwisho, aitoe rilei na aunganishe waya wa gari ulivyokuwa kiwandani, maana ukichomoa kifaa tu huku rilei imebaki gari linaweza lisiwake ukabaki njiani. Laini itoe. Kifaa chenyewe kama ni kizuri kinafutwa chote kinaanza upya na laini yako na paswedi yako, ila kihamishie sehemu nyingine, ile ya zamani wanaijua. Halafu kagua kadi ya gari na namba ya chasisi pale TRA kabla ya yote, kwa sababu traka iliyo hai ambayo muuzaji hakuitaja inaweza ikawa kasahau tu, na inaweza ikawa kuna mtu sehemu flani bado anaangalia ramani anasubiri gari lake.

Na picha ya kifaa umenitumia, nimeona namba zake kwenye stika. Zitunze, kama kuna mwenye gari ndo zitakazomtambulisha.